Fundi mmoja, maabara mbili: mtandao unaokatika kila Jumatatu na maombi yasiyoisha

FundiMpweke aliuliza:

Ndugu mafundi, nawasalimu. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kazi ya ufundi wa kompyuta katika shule ya sekondari, na katika shule nzima fundi ni mimi peke yangu. Kabla ya hapo nilikuwa katika karakana ya kutengeneza kompyuta, ambako mteja huleta mashine, ukaifungua kwa utulivu, ukaitengeneza, naye akarudi kuichukua siku uliyomwambia. Shuleni hakuna siku uliyomwambia. Kuna kengele, na ikilia mwalimu yuko mbele ya wanafunzi, mashine iwe imepona au haijapona. Nina maswali mawili, moja la kiufundi na jingine la utaratibu, na nitashukuru kwa majibu ya wale waliokwisha kuyapitia.

La kiufundi ni hili. Tuna maabara mbili za kompyuta: ya kwanza ina mashine 30, ya pili ina 24, na ofisi za utawala zina 10. Walimu ni 52, karibu wote wana simu zilizounganishwa na Wai-Fai, na kama 15 kati yao huja pia na kompyuta mpakato. Vifaa vyote hivyo vinategemea kipanga njia (ruta) kimoja. Maabara ya kwanza naiwasha mwenyewe mapema, kabla walimu hawajafika, na haijawahi kunisumbua. Maabara ya pili, ambayo huanza kutumika kipindi cha tatu, hukosa mtandao kila Jumatatu: mashine zinawaka vizuri, kebo zimechomekwa, taa za swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mashine, zinapepesa kama kawaida, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Nikiangalia anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mashine kwenye mtandao, naona namba inayoanza na 169.254, na mwisho wake hutofautiana kutoka mashine hadi mashine. Nikizima kipanga njia na kukiwasha tena, mtandao unarudi na maabara haisumbui hadi Ijumaa, isipokuwa mara mojamoja mashine huonyesha ujumbe kwamba anwani yake inagongana na ya kifaa kingine. Jumatatu inayofuata hali ni ileile. Nimebadilisha swichi, nimebadilisha na kebo inayotoka kwenye swichi hadi kwenye kipanga njia, bila mafanikio.

La utaratibu ni kwamba siwezi tena kutembea kutoka lango la shule hadi ofisini kwangu bila kusimamishwa na watu watano. Mmoja anasema printa inameza karatasi, wa pili amesahau nywila, wa tatu anataka simu yake binafsi isafishwe virusi. Wiki iliyopita mwalimu mmoja alinieleza akiwa kwenye ngazi kwamba projekta ya darasa lake haionyeshi kitu. Nilimwitikia kwa nia njema, nikafika juu nikakuta tatizo jingine, na lile la kwanza likanitoka kabisa. Siku ya kikao cha walimu ikasemwa kwamba siku hizi fundi hapatikani. Kuanzia Jumanne malalamiko yanayoongoza ni ya walimu ambao simu zao hazishiki Wai-Fai, lakini hayo nimeyaweka pembeni kwa kuwa simu si mali ya shule. Juu ya yote, mkuu wa shule ameniletea kompyuta mpakato ya mtoto wake. Je, kazi kama hii mnaipangaje, na mnamkatalia nani?

KeboNyekundu alijibu:

Karibu katika kazi, ndugu. Kuhusu mtandao, ningemtafuta kwanza mtu aliyechomeka kipanga njia chake cha nyumbani kwenye soketi ya mtandao ya darasani au ofisini. Yaliwahi kunikuta. Mwalimu mmoja, kwa nia nzuri kabisa, aliona Wai-Fai haifiki vizuri mezani kwake, akaleta kifaa kutoka nyumbani na kukichomeka ukutani. Kifaa kile kikaanza kugawa anwani zake kwa kila aliyeomba, na nusu ya shule ikawa inaelekezwa kwenye mlango usiotoka popote. Nilikipata baada ya siku mbili, nyuma ya rundo la madaftari.

Kagua pia kama kuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi moja. Kwetu mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kufagia maabara aliona ncha ya kebo inaning'inia, akaona si vyema, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Taa zote za swichi zikaanza kuwaka na kuzimika kwa pamoja, kwa kasi moja, na shule nzima ikakosa mtandao kwa sababu pakiti (vifurushi vya data) zilikuwa zinazunguka humo bila kutoka. Ilibidi nichomoe kebo moja baada ya nyingine hadi taa zilipotulia. Swichi zenye uwezo wa kugundua mzunguko wa namna hiyo zipo, lakini uwezo huo lazima uwe umewashwa, na swichi nyingi za bei ya chini hazina kabisa.

MkongweWaSeva alijibu:

Namheshimu ndugu KeboNyekundu, na visa vyote viwili alivyovisimulia nimevishuhudia, lakini dalili za muulizaji hazielekei huko. Kama kungekuwa na kipanga njia cha pili kinachogawa anwani, mashine zingepata anwani, ila ya fungu lisilo letu. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana nyingine: kompyuta imeomba anwani, imesubiri, haikujibiwa na yeyote, ndipo ikajipangia yenyewe. Na kama ungekuwa ni mzunguko wa kebo, usingechagua Jumatatu, wala usingeiacha maabara ya kwanza salama. Kwa hiyo swichi na kebo uziache, hazina kosa.

Tuangalie anayegawa anwani. Vipanga njia vidogo vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekewa fungu la anwani kama 100 hivi, tuseme kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, na kila kifaa hukodishiwa anwani kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24. Sasa tupige hesabu ya Jumatatu asubuhi kwa takwimu zako mwenyewe: maabara ya kwanza 30, ofisi 10, simu za walimu 52, kompyuta mpakato 15. Jumla ni 107, na maabara ya pili bado haijawashwa. Fungu limekwisha kabla ya kipindi cha tatu.

Utauliza kwa nini iwe Jumatatu tu. Ni kwa sababu kompyuta iliyokwisha kukodishiwa anwani, ikiwashwa kabla muda haujaisha, huomba ileile na huongezewa muda. Mashine zako za maabara ya pili zikipata anwani Jumatatu, huwashwa tena Jumanne kabla ya saa 24 kupita, kisha Jumatano, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Mwisho wa wiki zinalala zikiwa zimezimwa, muda unaisha Jumamosi, na Jumatatu alfajiri anwani zote ziko huru kwa yeyote atakayewahi. Anayewahi ni simu iliyo mfukoni mwa mwalimu anayeingia langoni saa moja kasorobo. Katikati ya wiki mambo hugeuka: kompyuta ndizo zinazozishikilia anwani, na simu ndizo zinazokosa. Lile lalamiko la walimu uliloliweka pembeni kuanzia Jumanne ndilo tatizo lako la Jumatatu, limehama kutoka kompyuta kwenda simu.

Hata ule ujumbe wa mgongano una maelezo hapa. Vifaa vidogo vya aina hii mara nyingi huweka orodha ya waliokodishiwa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa. Ukikizima na kukiwasha, kinasahau nani ana nini na kuanza kugawa upya, ilhali simu za walimu bado zinatumia anwani zilezile za asubuhi. Ndiyo maana nakusihi: Jumatatu ijayo usianze kwa kukizima, kwa sababu ukikizima umefuta ushahidi. Fungua kwanza ukurasa wa usimamizi wa kipanga njia, angalia orodha ya vifaa vilivyokodishiwa, hesabu mistari, na uipige picha.

Ukithibitisha, panua fungu lianzie 192.168.1.20 na kuishia 192.168.1.250, hizo ni anwani 231. Zilizo chini ya 20 zibakize kwa printa na vifaa vyenye anwani ya kudumu, na uhakikishe hakuna printa ambayo mtu aliyekutangulia aliiwekea kwa mkono anwani iliyo ndani ya fungu, kwa sababu siku moja anwani hiyo itagawiwa kwa simu na printa itapotea mtandaoni bila sababu inayoonekana. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: simu za siku hizi, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, hujitambulisha kwa anwani ya kifaa (MAC, si ile ya IP) ya kubuni, na huwa na moja kwa kila jina la Wai-Fai. Kama shule yako imeipa Wai-Fai majina mawili, moja la 2.4 GHz na jingine la 5 GHz, simu moja inayohama kati yake itahesabiwa kuwa vifaa viwili na kuchukua anwani mbili.

Hiyo ndiyo tiba ya haraka. Tiba kamili ni simu kuwa na mtandao wake uliotengwa na mtandao wa kazi, na kukodishiwa kwa saa chache tu. Hata kama anwani zingekuwa elfu moja, simu ya mtu haina sababu ya kuwa katika mtandao mmoja na kompyuta ya mhasibu.

MwalimuWaFizikia alijibu:

Naomba kuchangia nikiwa upande wa pili wa mlango, kwa sababu mimi si fundi bali ni mmoja wa hao wanaowasimamisha mafundi kwenye ngazi.

Kipindi changu kina dakika 40. Projekta ikigoma, sihitaji kujua ni kebo, ni taa au ni mipangilio. Nahitaji kujua ndani ya dakika mbili au tatu kama nisubiri au nichukue chaki. Fundi wetu wa zamani alikuwa hodari sana, lakini alikuwa akifika anapiga magoti chini ya meza yangu, anajaribu kebo hii na ile, anafungua menyu baada ya menyu, huku nyuma yangu wanafunzi 45 wameanza kupiga soga na wengine kunihesabia dakika kwa sauti. Alitengeneza projekta, ndiyo, lakini somo lilikuwa limekufa. Aliyepo sasa huja na kebo yake, adapta yake na betri za rimoti. Anabadilisha, na kama haikuwaka, ananiambia: "Mwalimu, endelea na ubao, nitarudi wakati wa mapumziko." Anaondoka. Huyu wa pili namwona bora, ingawa huenda kwa ujuzi ni mdogo kuliko yule.

Kuhusu ngazi: tunawasimamisha huko kwa sababu hatujaonyeshwa mlango mwingine. Kuna wakati tuliwekewa fomu ya mtandaoni ya kuripoti matatizo, nayo ilidai kwanza uingie kwa nywila yako, hivyo aliyesahau nywila alitakiwa kuingia ili aripoti kwamba hawezi kuingia. Tukarudi kwenye ngazi. Weka kitu chepesi mahali tunapopita kila siku, nasi tutaandika, ila tuone kwamba unakisoma. Mwalimu akiandika mara mbili bila kujibiwa, mara ya tatu atakusubiri langoni.

DaftariLaFundi alijibu:

Mwalimu amesema kweli tupu, nami nianzie hapo alipoishia. Nina mwaka wa tisa katika kazi hii, na kilichoniokoa ni daftari la mistari lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya ofisi ya walimu. Lina safu tano: tarehe, jina, chumba, tatizo, na ya mwisho naandika mimi, kwamba limekwisha au linasubiri nini. Nalisoma mara tatu kwa siku, kabla ya kengele ya kwanza, wakati wa mapumziko na baada ya chakula cha mchana, na kila nikilisoma naacha alama hata kama sijafanya lolote, ili aliyeandika ajue nimeona. Programu za kupokea maombi zipo, na osTicket na GLPI hupatikana bila malipo, lakini kwa fundi mmoja na walimu hamsini daftari linatosha kwa mwaka wa kwanza. Atakayekusimamisha njiani mwambie kwa heshima: "Mwalimu, naomba uliandike, maana nikifika juu nitalisahau." Usione aibu kulisema, kwa kuwa ni kweli.

Kwa mpangilio wa kazi, mimi hufuata ratiba ya masomo kuliko ukubwa wa tatizo. Darasa lenye kipindi sasa hivi hutangulia. Linafuata jambo lenye tarehe isiyosogea, kama mishahara kwa mhasibu au alama za mitihani. Mengine yote yanafuata kwa zamu, hata kama mwenye tatizo ana cheo. Nakala ya ratiba imebandikwa ukutani kwangu, nami naitumia pia kujua chumba kipi kitakuwa kitupu lini, kwa sababu kutengeneza kwa kweli hufanyika chumba kikiwa kitupu. Wakati wa kipindi ni kubadilisha tu na kuondoka na kilichoharibika. Kwa ajili hiyo nina mkoba usiotoka begani: kebo ya HDMI, adapta ya VGA, kebo ya mtandao niliyoipima mwenyewe, kipanya, chaja, betri ndogo za rimoti na diski mweko.

Na kuna mzunguko wa asubuhi, ambao ndugu FundiMpweke tayari anaufanya nusu kwa kuwasha maabara ya kwanza. Ufanye kamili. Dakika 20 kabla ya kengele pita kila chumba chenye projekta, iwashe, hesabu hadi kumi, iangalie, izime. Projekta yenye chujio lililojaa vumbi hujitangaza mapema kwa feni kuunguruma kuliko jana, na ukiisafisha siku hiyo haitazimika katikati ya somo wiki ijayo. Zile zenye taa ya kizamani msiziondolee umeme papo hapo baada ya kuzizima. Ziacheni feni imalize kuzipoza, la sivyo taa itakufa kabla ya wakati wake. Hili wafundishe na walimu, kwa maana wao ndio wanaochomoa.

Simu na kompyuta za watu binafsi ni suala la mkuu wa shule kuamua kwa maandishi, si la wewe kubishana na kila mwalimu. Kioo kikipasuka mkononi mwako, ni nani atakayelipa? Kumwunganisha mwalimu na Wai-Fai ni sehemu ya kazi, lakini kufungua simu yake si sehemu ya kazi. Sasa, aliyekuletea ni mkuu mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu. Mimi nisingemkatalia. Ningemwendea na daftari, nikamwonyesha mistari iliyo wazi, nikamwambia: "Mkuu, kuna maombi haya kumi na mawili yanayosubiri, naomba unielekeze hii ya mtoto niiweke baada ya lipi." Kwangu alitazama orodha kwa muda mrefu, akaniambia niifanye nitakapopata nafasi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa sababu litakufikia. Fundi wa shule ana funguo za kila mlango, na siku moja mtu atakuomba ufungue faili au barua pepe za mtu mwingine. Omba agizo la maandishi la mkuu wa shule, kila mara, hata aliyeomba akiwa rafiki yako. Vivyo hivyo usipokee nywila ya mwalimu hata akikulazimisha. Mwekee ya muda ambayo mfumo utamlazimisha kuibadilisha. Katika shule niliyokuwepo zamani mwalimu alimpa mwanafunzi mwaminifu nywila yake ili amsaidie kuingiza alama, na baada ya wiki tatu kulikuwa na alama zilizopanda bila mtihani. Kwa kuwa nywila ya mwalimu yule ilikuwa imeandikwa pia katika kijitabu changu, nilihojiwa pamoja naye. Tangu siku hiyo sina kijitabu cha namna hiyo.

Na alama hizo zihifadhiwe nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Kirusi kilichoitwa WannaCry kiliposambaa tarehe 12 Mei 2017, masasisho ya Microsoft ya kuziba mwanya kiliotumia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huohuo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimeyapokea. Waliokuwa na nakala zilizojaribiwa walirejesha faili zao. Nasisitiza zilizojaribiwa: kila mwisho wa mwezi chukua faili moja kutoka kwenye nakala na uifungue.

FundiMpweke alirudi:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka Jumatatu mbili zipite kwanza.

Jumatatu ya kwanza sikukizima kipanga njia. Maabara ya pili ilipokosa mtandao nilifungua orodha kama nilivyoelekezwa: fungu lilikuwa la anwani 100, zote zimekwisha, na nilipopitia majina nikaona 60 ni simu na kompyuta mpakato za walimu. Simu tano zilijitokeza mara mbili, kwani kweli Wai-Fai yetu ilikuwa na majina mawili. Nimepanua fungu, nimeacha jina moja, na printa ya ofisi ya mitihani, ambayo ilikuwa na anwani inayoishia na 120 iliyowekwa kwa mkono, nimeihamishia inayoishia na 10. Jumatatu ya pili darasa liliingia kipindi cha tatu na mashine zote 24 zikafunguka, na malalamiko ya simu yamekoma bila mimi kugusa simu hata moja. Ninakiri kwamba nisingeunganisha mambo hayo mawili peke yangu.

Daftari nimeliweka. Wiki ya kwanza lilipata mistari 41, na nilipoisoma yote kwa pamoja Ijumaa jioni niliona kitu ambacho kwenye ngazi nisingekiona: mistari 17 ilikuwa ya projekta, na 9 kati yake ya chumba kimoja. Nilikwenda pale chumba kikiwa kitupu. Kebo ilikuwa imepitishwa chini ya mguu wa meza, na kila mwalimu aliyesogeza meza ili aone darasa vizuri aliikandamiza palepale. Nimeipitisha ukutani.

Nina swali la nyongeza kuhusu maabara ya pili. Mashine zake ni za zamani, zina kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kuzunguka, zinatumia Windows 10, na huchukua dakika sita kuwaka. Zaidi ya hayo, mashine namba 14 kila asubuhi hukataa karibu tovuti zote ikidai cheti cha usalama si halali, ilhali jirani zake ziko sawa.

MkongweWaSeva alijibu:

Hongera kwa Jumatatu. Kwa namba 14, angalia saa iliyo pembeni ya skrini kabla ya kitu kingine. Nadhani utakuta tarehe imerudi nyuma miaka. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba iko miaka kadhaa nyuma itasema cheti hicho bado hakijaanza. Shule nyingi huzima umeme wa maabara kwenye swichi kuu kila jioni, na hapo saa hubaki ikitegemea kibetri cha mviringo kilicho kwenye ubao mama, kwa kawaida aina ya CR2032 cha volti 3. Kikiisha, kila usiku saa inapotea na tarehe inarudi nyuma. Ni kazi ya dakika tano, na kwa kuwa mashine zote ni za umri mmoja, nunua kadhaa.

Kuhusu kuchelewa kuwaka, ukipewa fedha ya jambo moja tu, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Tofauti utaiona siku hiyohiyo, na ndipo ufikirie kuongeza kumbukumbu. Kuhusu Windows 10, Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizo katika orodha yao, kwa hiyo kagua mashine moja kabla ya kumwahidi mkuu lolote. Zisipokidhi, Linux, mfumo endeshi wa bure, ni njia halali, na matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, mojawapo ya aina zake, hupata masasisho kwa miaka mitano. Lakini usiamue peke yako. Tayarisha mashine moja, mpe mwalimu wa somo la kompyuta aitumie wiki mbili pamoja na programu zote zilizo katika mtaala wake, akiridhika ndipo uinakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye nyingine 23. Fundi akibadilisha maabara nzima wakati wa likizo bila kumshirikisha mwalimu, muhula unaanza kwa ugomvi.

FundiMpweke alirudi:

Nilipima kibetri cha namba 14, kikasoma volti 2.1. Nimekibadilisha pamoja na vya mashine nyingine tatu ambazo saa zao zilikuwa zimeanza kuchelewa. Mwalimu wa kompyuta amekubali kujaribu mashine moja kuanzia wiki ijayo.

Kompyuta mpakato ya mtoto nilimrudishia mkuu wa shule pamoja na daftari, nikamweleza kama nilivyoshauriwa. Hakusema neno. Jana nimeona ameandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa sita wa ukurasa mpya, kwa kalamu nyekundu, na katika safu yangu ya mwisho amenijazia yeye: "Baada ya mitihani."